Kutoka Chumba cha Giza hadi Menyu ya Kamera: Historia Fupi ya Istilahi za Picha na Hoja ya "Mwigo wa Mkanda"

Watafsiri wanaoshughulikia vijitabu vya maelekezo ya kamera wamekuwa wakituuliza, kwa maneno mbalimbali lakini kwa shida ile ile, jinsi ya kuliita kwa Kiswahili jambo moja jipya. Jambo lenyewe ni hili. Kamera za kidijitali za siku hizi zina mipangilio ambayo mpiga picha aweza kuibadilisha kabla hajabonyeza kitufe, ili picha itoke ikiwa na sura ya picha za zamani zilizopigwa kwa mkanda na kusafishwa kwa dawa. Rangi hukolea au kufifia kama zilivyofanya katika aina fulani za mikanda, vivuli hulainika, hata zile chembe ndogo zilizokuwa zikionekana picha inapokuzwa hurudishwa kwa makusudi. Swali laonekana dogo. Lakini jibu lake, kwa maoni yetu, halimo katika kamusi ya Kiingereza bali limo katika historia ya kazi ya kupiga picha nchini mwetu, na hasa katika miji ya bara ambayo historia hiyo inapoandikwa haitajwi mara nyingi. Ndiyo maana tumechagua kuitazama tukiwa tumesimama Mpanda.

Picha hazikuanzia Mpanda. Tumeuchagua mji huo kwa sababu umbali wake unaonyesha waziwazi mambo ambayo Dar es Salaam au Unguja yangefichika. Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mji ulikua kwa sababu ya madini ya risasi, na kwa ajili ya madini hayo lilijengwa, mwishoni mwa miaka ya 1940, tawi la reli la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua. Uchimbaji ule ulikoma, reli ikabaki. Katika miaka ya 1970 yalifunguliwa makazi makubwa ya wakimbizi kutoka Burundi huko Katumba na Mishamo. Basi katika nchi hiyo ya wakulima, watumishi wa serikali, wafanyakazi wa reli na wageni, picha ndogo ya uso ilikuwa kitu cha lazima kwa kila anayetaka kitambulisho, hata kama hakuwahi kupiga picha nyingine yoyote maishani.

Kwa fundi wa picha umbali huo uliamua ni picha ya namna gani mteja angeipata, na lini. Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe waweza kusafishwa katika chumba chochote kinachoweza kuzibwa mwanga. Mahitaji yake ni vyombo vichache, dawa ya kuitoa picha, dawa ya kuikaza, na maji ya kutosha ya kuiosha. Kwa kawaida dawa hizo huandikiwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na mahali ambapo maji yana joto zaidi fundi hupunguza dakika. Mkanda wa rangi ni habari nyingine. Utaratibu uitwao C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972 na kufuatwa na watengenezaji wengine, wataka dawa ya kwanza ikae katika joto la karibu nyuzi 38, pasipo kupanda wala kushuka hata kwa nusu ya uzi mmoja, kwa dakika 3 na sekunde 15. Kazi hiyo yafaa mashine, na mashine zilikuwa katika miji mikubwa. Hivyo katika miji midogo ya bara picha nyeusi na nyeupe ilikuwa picha ya nyumbani, nayo picha ya rangi ilikuwa picha ya safari. Mkanda ulifungwa vizuri, ukakabidhiwa msafiri, ukaenda. Picha zikarudi baada ya majuma, au jibu likarudi peke yake, kwamba mkanda umeungua.

Tunaomba msomaji alishike neno hilo *kuungua*. Mkanda ulioingiwa na mwanga haukuguswa na moto, lakini mafundi walisema umeungua, na wateja wakaelewa. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga neno hilo. Limetoka katika jiko na shamba, likahamia chumba cha giza, na likakaa huko bila kuhitaji maelezo.

Mengi ya maneno ya kazi hii yalipatikana kwa njia hiyo. Katika Kiswahili cha zamani neno *sanamu* lilibeba kila mfano wa kitu au mtu, uwe umechongwa au umechorwa. Picha zilizotolewa kwa mwanga zilipofika pwani katika karne ya 19, na studio zikaanza kufunguliwa Unguja na watu wenye asili ya Goa na India, akiwamo A. C. Gomes, lilihitajika neno la kuitenga picha hii na kinyago. Neno *picha* likatwaliwa kutoka Kiingereza, lakini halikuja na kitenzi chake. Mswahili alilipa kitenzi *kupiga*, kile kile kipigacho chapa, pasi, mhuri na simu. Matokeo yake yapendeza, kwani msemaji akisema "jana nilikwenda kupiga picha" huenda alishika kamera, na huenda alikaa kitini mbele yake. Wakati Ranchhod Oza alipoanzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, msamiati wa msingi ulikuwa unaelekea kukamilika, nao ndio uliosafiri kwa reli na kwa lori hadi bara.

Neno lililo muhimu kuliko yote kwa makala haya ni *kusafisha*. Wengine husema *kuosha*. Maana yake ni kuutia mkanda katika dawa na maji mpaka picha ionekane, na kwa kupanuka, kuitoa picha hiyo kwenye karatasi. Mtu asiyejua kazi aweza kudhani neno hili ni la kitoto, kwa kuwa picha haikuwa na uchafu. Lakini fundi ajua kwamba baada ya dawa ya pili, chembe za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga huyeyuka na kuondolewa, kisha maji huchukua mabaki ya dawa. Na picha isiyooshwa vya kutosha hugeuka manjano na kufa. Kwa hiyo kusafisha ni kusafisha kweli. La kushangaza zaidi ni kwamba neno limeishi baada ya maji kukauka. Mteja huleta simu yake dukani, akataka picha tatu "zisafishwe", nazo hutoka kwenye mashine kavu kabisa. Wapo wanaotaka kulikataza tumizi hilo kwa kuwa si la kisayansi. Sisi twaona kwamba neno lililovuka mabadiliko makubwa namna hiyo bila msaada wa mtu limejithibitisha lenyewe.

Mabadiliko hayo tuyaeleze kwa ufupi. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera isiyotumia mkanda. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu. Miaka 37 baadaye, Januari 2012, kampuni hiyo hiyo ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake. Mkanda wake mashuhuri, Kodachrome, uliouzwa tangu mwaka 1935, uliachwa kutengenezwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyousafisha, katika mji mdogo wa Parsons huko Marekani, ilikoma kuupokea mwishoni mwa mwaka 2010.

Mara baada ya mkanda kudhoofika, watu wakaanza kuutamani. Fujifilm ya Japani, ambayo yenyewe ilikuwa ikitengeneza mikanda, iliweka ndani ya kamera zake orodha ya majina ya mikanda yake, ili mpiga picha achague jina na kamera ipake rangi kwa tabia ya mkanda ule. Kamera yake ya X100 ya mwaka 2011 ilikuwa na Provia, Velvia na Astia. Mwaka 2014 ikaongezwa Classic Chrome, mwaka 2016 Acros, ambayo ni ya nyeusi na nyeupe, na mwaka 2024 kamera ya X-T50 ikawekewa gurudumu maalumu juu yake kwa kazi hiyo peke yake. Canon na Nikon nao wana mipangilio yao, tangu miaka ya 2005 na 2007, lakini hiyo haitaji mkanda wowote. Kwa hiyo *mtindo wa picha* yatosha kuitafsiri, wala haituhusu hapa.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kihisi cha kamera hupima mwanga na kuutoa kama tarakimu, ambazo zikihifadhiwa bila kuguswa ni faili ghafi. Tarakimu hizo hazina sura mpaka zipitishwe katika majedwali yanayoamua wekundu huu uwe mzito kiasi gani, na kivuli kile kiwe cheusi au kijivu. Mpiga picha huchagua jedwali, kisha hurekebisha ukolevu wa rangi, ukali wa picha, mwinuko wa sehemu zenye mwanga na za kivuli, mizani ya weupe, na punje. Kamera huyafanya hayo yote kwa dakika isiyofika, na kutoa picha iliyokwisha. Kwa lugha ya Mpanda, basi, kamera imeisafisha. Na kwa kuwa faili ghafi huweza kupitishwa tena humo humo ndani ya kamera kwa jedwali jingine, twapendekeza kwamba menyu inayofanya kazi hiyo iitwe *kusafisha faili ghafi*. Neno *kuchakata*, ambalo watafsiri wengi hulikimbilia, lafaa mkonge na takwimu.

Mizani ya weupe yahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo sura ya mkanda inapopatikana au kupotea. Tuchukue Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, katika mwezi wa Septemba. Mto Katuma umekauka isipokuwa madimbwi, viboko wamesongamana humo, nyasi ni za manjano, na anga limejaa vumbi na moshi wa nyika zinazoungua. Kamera ikiachwa ijiamulie, huenda ikauona umanjano ule kuwa ni kosa, ikausahihisha, na kutupa picha yenye ubaridi wa rangi ambao hakuna mwenyeji wa Katavi aupatao kwa macho yake wakati huo wa mwaka. Mkanda haukuwa na akili hiyo. Mkanda wa kawaida wa rangi uliundwa kwa mwanga wa mchana, wa kipimo cha Kelvini 5500 hivi, na kilichokuwa cha manjano kuliko mwanga huo kilibaki cha manjano. Kwa hiyo anayetaka sura ya mkanda huanza kwa kuifunga mizani ya weupe katika mwanga wa mchana na kuiacha hapo kutwa. Mtafsiri akiandika *salio jeupe*, kama aliyetoka kutafsiri taarifa ya benki, msomaji hataijua faida hiyo.

Sasa twarudi kwenye swali tulilolianza. Pendekezo tunaloletewa mara nyingi ni *uigaji wa filamu*. Tuna hoja mbili dhidi yake.

Ya kwanza ni juu ya *filamu*. Neno hili lilikuwa na maana mbili, utando wa kupigia picha na mchezo unaoonyeshwa sinema. Lakini kadiri utando ulivyopotea madukani, maana ya pili imeimeza ya kwanza. Kijana wa leo akisikia filamu hafikiri kitu cha kuviringwa na kutiwa ndani ya kamera. Tena tuna *mwigizaji wa filamu* na *kuigiza filamu*, ambavyo viko hatua moja tu kutoka *uigaji wa filamu*. Yupo atakayetujibu kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili bila madhara, na atautaja mji wenyewe wa Mpanda, uliojengwa juu ya *risasi*. Watu hawakupata kudhani kwamba reli ya Kaliua ilijengwa ili kusafirisha risasi za bunduki. Ni kweli. Lakini mgodi na bunduki havikai mahali pamoja, ilhali filamu zote mbili zakaa pamoja, katika kamera, katika studio, katika mazungumzo ya watu wale wale. Muktadha hauwezi kuzitenganisha. *Mkanda*, kwa upande wake, ndilo neno lililotumika dukani, "nitilie mkanda", "mkanda umekwisha", na kanda za video zilizokuwa zikishindana nalo zimetoweka pia. Neno limeachwa huru, nasi hatuna sababu ya kutolichukua.

Ya pili ni juu ya *uigaji*. Maneno ya umbo hili hutaja tendo likiendelea, kama uchezaji na ufumaji, nayo kwa kawaida hayana wingi. Kamera hainadi tendo; inatoa orodha ya vitu vya kuchagua, na orodha yataka wingi. Lugha imekwisha tupa umbo hilo: penye uchezaji pana mchezo na michezo, penye ufumaji pana mfumo na mifumo. Vivyo hivyo penye uigaji pana *mwigo*, wingi *miigo*. Twapendekeza basi *mwigo wa mkanda*, na orodha nzima iitwe *miigo ya mikanda*. Kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kutoka nje imehimizwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Hapa haitutaki hata kuchimba, maana kitu kiko juu ya ardhi.

Lipo pendekezo jingine ambalo twalipinga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa linagusa watu na si sarufi tu. Baadhi ya matangazo ya biashara yaliyotafsiriwa huiita mipangilio hii *rangi halisi za filamu*. Halisi kwa nani? Maabara za rangi zilipima mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Uso mweusi uliopigwa kando ya ukuta mweupe au chini ya anga la mchana ulitoka kama kivuli chenye meno. Mabadiliko ya maana yalianza katika miaka ya 1970, baada ya watengenezaji wa samani na chokoleti kulalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani vizuri. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja katika miaka ya 1990. Kwa hiyo picha ya rangi iliyokwenda mjini na kurudi Mpanda baada ya majuma ilikuwa imekwisha amuliwa na mtu asiyemjua aliyepigwa. Mafundi wetu walijitetea walivyoweza, kwa kuongeza taa, kwa kugeuza uso kuelekea dirishani, kwa kufungua lenzi zaidi ya kipimo. Mkanda nao ulichagua cha kuonyesha. Haukuwa na uhalisi wa kumpita kihisi.

*Mwigo* ni neno aminifu kwa sababu hiyo. Humwambia mtumiaji kwamba anaiga kitu, pamoja na kasoro zake, na kwamba aweza kuacha sehemu asiyoitaka. Mpiga picha wa harusi katika Mpanda ya leo akichagua mwigo wenye vivuli vizito, sharti ajue kuvilegeza vivuli kwa nyuzi moja au mbili na kuongeza mwanga kidogo, la sivyo kamera mpya itarudia dhuluma ya zamani kwa uaminifu mkubwa. Na afisa anayeandika masharti ya picha za vitambulisho aweza kusema kwa maneno manne, "picha isipigwe kwa mwigo", akaeleweka. Akiandika kwamba picha isiwe na uigaji wa filamu, mwombaji atadhani amekatazwa kujiunga na maigizo.

Yamebaki mambo madogo ya menyu. Katika menyu hiyo hiyo ipo kazi ya kuondoa vumbi juu ya kihisi, ambayo watafsiri huiita *kusafisha kihisi*. Ikiwa tumekwisha lipa neno kusafisha kazi ya picha, si vizuri kulirudia hatua tatu chini yake. Bahati njema, kamera nyingi huliondoa vumbi hilo kwa kukitikisa kihisi kwa kasi, na kwa jambo hilo tunalo neno *kukung'uta*. Mtu yeyote aliyesafiri barabara ya vumbi ya Katavi wakati wa kiangazi, kisha akashuka na kushika pindo la nguo yake, alijua maana yake kabla ya kamera kuzaliwa.

La mwisho ni *punje*. Tumepata kuona tafsiri iliyosema kamera ina "athari ya nafaka, dhaifu au kali". Kosa hilo laeleweka, kwa kuwa neno la Kiingereza linaloita chembe za fedha za mkanda ndilo hilo hilo linaloita mtama na mahindi ghalani. Lakini nafaka ni aina ya zao, na kinachoonekana katika picha ni kimoja kimoja; hicho kwa Kiswahili ni punje, ndogo au kubwa, dhaifu au kali. Punje hutiwa kwa makusudi. Zipo chembe nyingine zisizotiwa na mtu, ambazo kihisi huzitoa chenyewe pale mwanga unapokuwa haba, kama katika ukumbi wenye taa moja usiku, na ambazo watafsiri huziita *kelele*. Picha haina sauti. Televisheni zilipoenea Bara katika miaka ya 1990, watu waliokaa mbali na mitambo waliona vitone vikirukaruka kwenye kioo, wakaviita *chenga*, jina la vipande vya mchele uliokatika. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe hawahitaji kuelezwa tofauti ya punje na chenga, na sisi hatuoni kwa nini kijitabu cha kamera kiwe na maneno mengine.